Nilichokikuta Ndani ya Mashine ya Mzee Ausi

Ipo wiki moja ya masika, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Sasa nina wajukuu wanaonifundisha kutuma picha kwa simu, na magoti yangu hunijulisha mvua kabla redio haijatangaza, lakini wiki ile haijanitoka. Nataka nikusimulie wewe uliyeanza kazi juzi juzi, uwe unatengeneza pikipiki, unafundisha watoto, au unakaa nyuma ya dirisha la duka la dawa. Kaa vizuri. Mimi sisimulii haraka.

Nilizaliwa Naipingo. Wazazi wangu walilima korosho na ufuta kama majirani zao, lakini mimi na jembe hatukupatana. Nilipomaliza shule nikaja Nachingwea mjini kujifunza ufundi kwa Mzee Likwena. Karakana yake ilikuwa banda la mabati nyuma ya soko, na ndani yake mlikuwa na mashine moja kubwa ya kukerezea vyuma, iliyobaki tangu enzi za lile shamba la karanga la Wazungu. Watu walituletea mashine za kusaga, pampu, matrekta na pikipiki. Mzee Likwena alikuwa mtu wa maneno machache. Aliweza kusikiliza injini kwa muda mrefu ameinamisha kichwa, kisha akaenda zake kunywa chai bila kusema lolote. Mimi nilikuwa kinyume chake. Nilikuwa na mkono wa haraka, na nilipenda watu wajue. Nilikuwa nimeshika spana miaka mitano, basi nikajiona nimehitimu.

Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea, likaja gari la mizigo kutoka Ruangwa na kushusha mbele ya karakana yetu kitu ambacho sisi wa Nachingwea hatukukizoea: mashine ya kusukumia boti. Wauza nyanya waliacha nyanya zao wakaja kutazama panga lake la chini linalokata maji. Mmoja akauliza kama bahari imehamia kwetu, watu wakacheka.

Aliyekuja nayo aliitwa Mzee Ausi, mrefu, mwembamba, kofia yake imepauka kwa jua. Kijiji chake kiko upande wa Ruangwa, karibu na mto Mbwemkuru. Akanieleza kwamba kiangazi mto ule mtu anauvuka amekunja suruali tu, lakini masika unakuwa mpana na mwekundu, unabeba magogo, na mamba wamo. Watu wa ng'ambo wanabaki kule bila zahanati. Miaka ya nyuma watu waliokuja kupima barabara waliwaachia wanakijiji boti ndogo ya faiba pamoja na mashine hii, ikiwa tayari imechoka, na yeye ndiye aliyekuwa akiiendesha. Kiangazi kilichopita iliingiwa na mchanga kwenye njia ya maji ya kupozea, ikapata moto sana. Tangu hapo ikawa haina nguvu, inatoa mvuke, na kuiwasha ni kazi ya nusu saa.

Kiswahili cha mzee kilikuwa kimechanganyika na Kimwera, nami nikamjibu kwa Kimwera ili ajione yuko nyumbani. Nakumbuka alivyofurahi.

Siku hiyo Mzee Likwena hakuwepo. Alikuwa amekwenda msibani Masasi. Ningeweza kumwambia mgeni, mzee subiri, mwenye karakana atarudi. Badala yake nikapiga kifua mbele ya wauza nyanya wote.

"Mzee wangu, Ijumaa unaondoka na mashine yako."

Nikaifungua. Kichwa cha injini kilinisumbua, bolti zake zilikuwa zimeliwa na kutu, lakini siku ya pili kikatoka. Nikafuta masizi kwa mafuta ya taa, nikainua bloki juani. Bloki, kama huijui, ndilo lile pande kubwa linalobeba silinda, ambamo pistoni hupanda na kushuka. Likiharibika hilo, vingine vyote havina pa kukaa. Na pale juani nikauona ufa. Ulianzia kwenye ukingo wa silinda ya chini ukaenda mpaka kwenye njia ya maji, mwembamba kama unywele ulioangukia kwenye sahani. Nikapitisha ukucha, ukanasa.

Nilijua, mwanangu. Nataka hili lieleweke, kwa sababu watu wengi wakisimulia makosa yao ya ujana husema hawakujua. Mimi nilijua. Nilijua maji yanapenya kuingia silinda, na kwamba injini ikipata moto ufa utafunguka zaidi. Nilijua bloki ile inatakiwa ibadilishwe, na kwamba Nachingwea nzima hapakuwa na nyingine. Lakini ilikuwa Jumatano, na Ijumaa niliishaitangaza. Nilimwona Mzee Ausi amekaa kwenye benchi mlangoni, akiwaambia wapita njia kwamba amepata fundi kijana hodari.

Nikachukua kopo la gundi ya chuma. Nikaujaza ufa, nikaacha ikauke, nikaipiga msasa mpaka ikawa sawasawa na bloki. Nikaweka gasketi mpya na plagi mpya, nikafunga kila kitu, halafu nikaipaka mashine nzima rangi nyeusi. Ijumaa baada ya swala nikaifunga kwenye pipa la maji mbele ya karakana, nikavuta kamba. Ikawaka mara ya pili tu. Ilinguruma dakika kumi, maji yanaruka, watoto wanapiga kelele, wauza nyanya wanapiga makofi.

Mzee Ausi alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu, ulikuta nini humo ndani?"

"Uchafu tu, mzee. Sasa imepona."

Akaniombea dua pale pale, mikono imeinuliwa, na mimi nikaitikia amina. Gari likaondoka na mashine. Usiku ule nilikula ugali nikalala vizuri kabisa, na jambo hilo huniudhi kuliko mengine. Dhamiri yangu haikunisumbua hata kidogo, kwa kuwa masikio yalikuwa bado yamejaa makofi.

Mzee Likwena akarudi Jumapili asubuhi. Nikamsalimia, nikampa pole ya msiba, nikamsimulia mashine ya boti kwa madaha. Akanisikiliza huku akipangapanga vitu mezani kwake. Halafu akanyanyua lile kopo, akalifungua na kuchungulia.

"Gundi hii niliiacha imejaa. Imekwenda wapi?"

Nikaanza kutafuta uongo. Nikasema pampu, nikasema trekta. Hakunikatiza. Akalifunika kopo, akaliweka chini.

"Bloki imepasuka?"

"Ufa mdogo sana, mzee. Niliijaribu kwenye pipa, ikaenda vizuri."

Akavuta kigoda, akakaa. Hakupandisha sauti. Angenipiga kibao ningeshukuru.

"Pipa halina mkondo," akasema. "Mashine ikizimika kwenye pipa, wewe unafunga karakana unarudi nyumbani kwa miguu. Mzee Ausi ikimzimikia katikati ya Mbwemkuru, atarudi nyumbani anakanyaga nini?"

Mwanangu, ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatano kuuona ule mto. Siku zote zile nilikuwa naiona mashine, na rangi, na watu wanaonitazama. Mto sikuuona, wala waliopanda boti.

"Anavuka lini?" akauliza.

Nikakumbuka. Mzee Ausi alikuwa amenieleza mwenyewe pale kwenye benchi kwamba kila Jumatatu anamvusha nesi kwenda kuwaona wagonjwa wa ng'ambo. Kesho yake ilikuwa Jumatatu.

Nikasema, "Mzee, twende." Akatikisa kichwa.

"Aliyesema imepona ni wewe. Nenda wewe ukaseme haijapona."

Nyinyi leo mngepiga simu ikaisha. Sisi hatukuwa na simu ya kufika kule. Nikapakia baiskeli yangu kwenye gari la mizigo lililokuwa linakwenda Ruangwa, baiskeli mpya niliyoipenda kama ndugu, nikafika jioni, nikalala kwa jamaa wa mama yangu. Alfajiri nikaanza safari ya mtoni. Tope la kule masika lina tabia ya kunasa kwenye matairi mpaka gurudumu haligeuki. Nusu ya njia niliendesha baiskeli, nusu nyingine niliibeba. Njiani nilikuwa napanga maneno. Nitasema kumbe kuna bolti moja sikuikaza. Nitasema nimekuja kuangalia tu mashine inaendeleaje. Unaona? Hata pale nilikuwa naenda kuokoa watu, lakini jina langu nalo nilitaka kuliokoa.

Nilipotokea kwenye ukingo wa mto ilikuwa kama saa nne. Nikaiona boti. Ilikuwa imeshavuka kwenda salama, na sasa ilikuwa inarudi upande wetu, ipo katikati kabisa. Nyuma, kwenye mashine, amekaa Mzee Ausi na kofia yake. Mbele yake nesi mwenye gauni jeupe, na akina mama wanne wa ng'ambo wanaokuja zahanati, kila mmoja na mtoto mchanga mgongoni au kifuani.

Nikavua shati nikalipunga, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote. Sijui nilitaka wafanye nini. Mzee Ausi akanitambua, akacheka, akaninyooshea mkono kunisalimia. Akina mama nao wakanipungia.

Halafu nikauona mvuke mweupe ukipanda juu ya ile rangi yangu nyeusi. Mashine ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Sijawahi kusikia ukimya kama ule. Boti ikageuka ubavu taratibu, mkondo ukaichukua. Chini yake kidogo mto unakata kona, na pale kwenye kona yalikuwa yamejikusanya magogo na miti iliyong'olewa na mvua, imelundikana kama kuni. Boti ya faiba ikibamizwa pale haitoki nzima.

Mzee Ausi hakubabaika. Aliuchukua upondo wake akautumbukiza, ukazama wote bila kugusa chini. Akauacha, akashika kasia. Nikamsikia akiwaambia akina mama wakae chini kabisa, wasisimame hata mmoja. Nesi akang'oa kifuniko cha sanduku lake la dawa, akainama upande wa pili, akaanza kupiga maji kwa kifuniko, na mama mmoja akamfuata akitumia sufuria. Mimi nilikuwa nakimbia ukingoni, napita kwenye matete, viatu vimebaki kwenye tope sijui wapi. Wanaume wawili waliokuwa shambani na majembe yao walinisikia wakaja mbio.

Mkondo wenyewe ulitusaidia, kwa maana kwenye kona unasukumia upande wetu. Boti ikasogea, ikasogea. Mzee Ausi akarusha kamba, ikaanguka majini. Akaivuta, akairusha tena. Mimi nilikuwa nimeingia maji ya kifua, mkono mmoja umeshika tawi la mkuyu, na safari ile kamba ikanipiga usoni. Niliiuma kwa meno kwanza, mwanangu, kabla ya kuishika. Wale wanaume wakanivuta mimi na kamba yangu, tukaizungusha kwenye shina la mkuyu, tukakaza. Boti ikapinda, ikaja ukingoni polepole, ikatulia hatua chache tu kutoka kwenye magogo.

Wakashuka mmoja mmoja. Nesi alisimama pale kwenye tope akiwagusa watoto vichwani: "Mmoja, wawili, watatu, wanne." Akarudia tena, "Mmoja, wawili, watatu, wanne." Mtoto mmoja alikuwa amelala wakati wote ule, na mama yake alipomfunua akamwona anapiga mwayo, alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Basi wote tukacheka. Mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, nikasujudu pale pale kwenye tope. Sijawahi kushukuru vile, si kabla wala baada.

Ningependa kukwambia kwamba yaliishia hapo. Lakini jambo gumu la siku ile lilikuwa bado.

Mzee Ausi alikuja akanikumbatia, sote tumelowa.

"Mnaona?" akawaambia wenzake. "Huyu ndiye fundi wangu wa Nachingwea. Mungu kamleta kwa wakati wake. Bila huyu leo tungekuwa wapi?"

Akina mama wakaanza kunibariki. Nesi, mwanamke wa Kipare aliyehamishiwa huku kutoka Same, mtu asiyesifu ovyo, akanishika bega akasema Mungu akuzidishie, kaka. Wale wanaume wa majembe wakaniita shujaa.

Fikiria, mwanangu. Hakuna aliyejua. Mashine ilikuwa imezeeka, kila mtu aliishajua imezeeka, kuzimika kwake kusingemshangaza yeyote. Mzee Likwena alikuwa mbali na hakuwa mtu wa kusema. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, nirudi Nachingwea nikiwa fundi hodari na shujaa juu yake. Na nakiri kwamba kwa kitambo kidogo nilinyamaza. Nilizionja zile sifa.

Sijui ni nini kilinisukuma. Labda ni ule mkono wa Mzee Ausi ulioendelea kunipigapiga mgongoni.

"Sikuja kwa bahati," nikasema. "Nilikuja kwa sababu nilijua itazimika. Bloki imepasuka. Niliuona ufa, nikauziba kwa gundi, nikapaka rangi juu. Uliponiuliza nilikuta nini, mzee, nilikudanganya."

Ule mkono ukatoka mgongoni.

Yule mama aliyekuwa anacheka akasimama. Nikadhani atanipiga. Akaja mpaka nilipokuwa, akamfungua mtoto wake, akaniwekea mikononi.

"Mbebe," akasema. "Ujue uzito wake."

Akanigeuzia mgongo, akaenda kukaa. Nilimbeba yule mtoto nimesimama, sithubutu kusogea, naye ananitazama. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Sijui ilikuwa muda gani kabla mama yake hajarudi kumchukua.

Mzee Ausi alikuwa amekwenda pembeni, amekaa juu ya gogo. Nikamfuata, nikapiga magoti mbele yake, nikamwomba msamaha. Akaikamua kofia yake maji.

"Nimekasirika," akasema. "Nitaendelea kukasirika siku kadhaa, usinifuate kunibembeleza. Lakini mashine utaitengeneza wewe. Nikimpelekea fundi mwingine, itabidi autafute ugonjwa. Wewe unaujua ulipo, na leo umeusema mbele za watu."

Basi tukaifunga ile mashine kwenye mti mnene wa kubebea mabegani, wale wanaume wakanisaidia kuibeba mpaka barabarani, na siku ya pili nikawa nayo Nachingwea. Mzee Likwena akanitazama usoni. "Wapo wote?" akauliza. Nikajibu, "Wapo wote, mzee." Akafumba macho, akaguna kidogo, akasema alhamdulillahi. Halafu akanipa spana.

Tulipofungua, gundi yangu ilitoka nzima kama ukucha mkavu. Ufa ulikuwa umerefuka maradufu. Nikamwuliza kama hatuwezi kuuchomelea. Akanionyesha jinsi ukuta wa pale ulivyokuwa mwembamba, na jinsi moto wa kuchomelea ungeipinda silinda mpaka pistoni ikwame. Bloki ile ilikuwa imekufa. Ilitakiwa nyingine.

Nikashuka Lindi. Kule kulikuwa na mzee mmoja anayeuza mashine chakavu za boti, ua wake umejaa vyuma, na nikazunguka mle siku nzima nikilinganisha bloki moja na nyingine. Nikapata iliyofanana, ya mashine iliyovunjika gia zake za chini. Zamani ningeibeba nikakimbia. Safari hii niliiziba matundu, nikaijaza mafuta ya taa, nikakaa karibu yake toka asubuhi mpaka alasiri nikitazama kama kuna mahali inatoa jasho. Mwenye ua alinicheka, akauliza kama natamia mayai. Haikutoa jasho. Nikampa baiskeli yangu, nikabeba bloki.

Silinda yake ya chini ilikuwa na mikwaruzo. Mzee Likwena akaichonga taratibu kwenye ile mashine yake ya zamani, tukaagiza pistoni na ringi za saizi kubwa zaidi, zikachelewa, tukazisubiri. Wauza nyanya walipita kila siku kuniuliza Ijumaa ipi. Nikajifunza kuwajibu, "Sijui bado." Mara ya kwanza maneno yale yalinitoka kwa shida. Mara ya tatu yakawa maneno tu.

Kazi ile ilichukua wiki tatu, na kwa muda wote huo watu wa ng'ambo walizunguka mbali sana kwa miguu. Hilo nalo ni kosa langu, silifichi.

Mashine ilipokuwa tayari niliipeleka mwenyewe. Tukavuka mimi na Mzee Ausi peke yetu, kwenda na kurudi, mara sita, kabla hatujamruhusu mtu mwingine kupanda. Halafu nikasimama ukingoni mbele ya watu, nikawaambia ilivyo. Bloki hii si mpya, imetoka kwenye mashine nyingine. Silinda ya chini imechongwa. Maji haya yanayoruka hapa nyuma yakikatika, zima mara moja, piga kasia. Mzee Ausi akayarudia maneno yangu moja moja mpaka akayashika. Mama mmoja akauliza, "Kwa hiyo imepona?" Nikamjibu, "Inafanya kazi vizuri leo. Nitakuja kuitazama kila mwezi." Nikaona wanatazamana, kisha wakapanda.

Ilivusha watu masika kadhaa bila kuzimika, mpaka mashine ikazeeka moja kwa moja na kijiji kikapata nyingine.

Nilirudi Nachingwea nikiwa na uhakika kwamba kazi zangu zimekwisha. Habari zilikuwa zimefika sokoni kabla yangu. Nikasubiri watu wanikimbie, na kweli wapo walionikimbia. Lakini kabla ya msimu wa ufuta kwisha, likaja gari kutoka Ruangwa limebeba mashine ya kusaga ya kijiji, na juu yake amekaa Mzee Ausi. Nikampokea, nikamwuliza kwa nini hakuipeleka kwa fundi wa Ruangwa mjini, ni karibu zaidi.

"Wale nao ni mafundi," akasema. "Lakini wewe nikikuuliza umekuta nini ndani, utaniambia."

Nimefanya kazi miaka zaidi ya thelathini baada ya maneno yale, na sijapata sifa nyingine niliyoithamini kama ile.

Sasa sikiliza, mwanangu, nikwambie nilichokuitia. Kazi yoyote utakayoshika, ipo siku utafungua kitu ukute ufa ambao mwenye nacho haujui. Utakuwa umeahidi. Watu watakuwa wanakutazama, na kuuficha utaona ni rahisi sana. Siku hiyo sema ulichokikuta. Sema sijui, sema siwezi, sema nisubirini. Aibu yake ni ya siku moja au mbili, mimi nimeionja, haiui. Na kabla hujakabidhi kazi, acha kuwatazama wanaokupigia makofi, watazame watakaoipanda. Kama umeshakosea tayari, usikae ukiomba Mungu mambo yasiharibike. Beba miguu yako uende, hata kama umechelewa, hata kama ni tope. Na ukifika ukakuta wanakushukuru kwa lisilo lako, warudishie shukrani yao uwape ukweli. Hapo ndipo mimi nilipokaribia kupotea zaidi ya majini.

Na ukiwa mkubwa, akija kijana mbele yako na kosa lake mkononi, mkumbuke Mzee Likwena na kigoda chake. Muulize wapo wote, halafu umpe spana.

Mungu akujalie kazi ambayo hutaogopa kuulizwa habari zake. Akupe wazee watakaokukasirikia bila kukutupa. Na kila utakayemvusha, kwa namna yoyote utakayomvusha, Mungu amfikishe ukingoni mzima, na wewe akufikishe salama. Amina.